Ganzi ya dakika 10 iliyopita yenyewe bado ni dharura

Dar es Salaam. Mkono wa kulia unakufa ganzi ghafla, kikombe cha chai kinaponyoka, mdomo unapinda kidogo na maneno yanatoka kwa kukokota kama ya mtu aliyelewa. Nyumba nzima inaanza kuhangaika. Baada ya dakika 10 kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Mgonjwa anaongea, anatembea, anaomba chai nyingine. Waliokuwa wakitafuta bajaji ya kumpeleka hospitali wanaketi chini, wanasema ni uchovu tu, na siku inaendelea.

Familia nyingi huishia hapo. Lakini kwa madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, dakika hizo 10 zinaweza kuwa kiharusi cha muda mfupi, hali inayofahamika kitaalamu kwa kifupi cha TIA. Huenda ikawa onyo la mwisho kabla ya kiharusi kamili, kile kinachomwacha mtu amepooza upande mmoja, hawezi kuzungumza au kupoteza maisha.

Ugumu wake ni kwamba dalili zikiondoka, huondoka pia na ushahidi. Mgonjwa anajisikia mzima, ndugu wanaona mzima, na hata daktari akimpima anaweza kumkuta mzima. Ndiyo maana anayeamua mgonjwa aende hospitali au asiende mara nyingi si daktari. Ni mke, mume, mtoto au dada wa kazi aliyekuwepo wakati jambo linatokea.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Ubongo hutegemea damu kupata oksijeni na sukari, na hauna akiba ya kutosha ya vitu hivyo. Mshipa ukizibwa na bonge la damu, au na kipande cha mafuta kilichobanduka kwenye ukuta wa mshipa mwingine, sehemu ya ubongo inayolishwa na mshipa huo huacha kufanya kazi papo hapo. Kwa sababu hiyo dalili huja ghafla, si kwa siku kadhaa.

Katika kiharusi kamili kizuizi hubaki na seli za ubongo huanza kufa. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2006 yanaonyesha kuwa katika kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, seli za fahamu takriban milioni 1.9 hufa kila dakika. Katika kiharusi cha muda mfupi, kizuizi huyeyuka au kusogea chenyewe, damu ikapita tena na dalili zikaondoka. Mara nyingi hili hutokea ndani ya dakika chache, na kwa wagonjwa wengi kabla ya saa moja kuisha.

Zamani madaktari walihesabu kuwa dalili yoyote iliyokwisha ndani ya saa 24 ni kiharusi cha muda mfupi. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walibadili tafsiri hiyo, wakasema la kuangalia ni kama tishu ya ubongo imeumia au la. Sababu ni kwamba kipimo cha MRI kilionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya watatu ambao dalili zao zilikuwa zimekwisha kabisa, tayari alikuwa na jeraha dogo kwenye ubongo. Kwa maneno mengine, kujisikia mzima si uthibitisho kwamba hakuna kilichoharibika.

Dalili za kuangalia

Njia rahisi inayofundishwa duniani ni kukumbuka mambo manne: uso, mkono, maneno na muda.

Uso. Mwombe mtu atabasamu au aonyeshe meno. Angalia kama upande mmoja wa mdomo umelegea au jicho moja limeshuka.

Mkono. Mwombe anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikiangalia juu, afumbe macho, kisha uhesabu hadi 10. Mkono mmoja ukianza kushuka au kugeuka wenyewe, hiyo ni dalili. Udhaifu au ganzi inaweza pia kuwa kwenye mguu wa upande huohuo. Kandambili inavuka bila yeye kujua, au anaburuza mguu akitembea.

Maneno. Mwombe arudie sentensi fupi, kwa mfano, "Leo tutakula wali na maharage." Sikiliza kama maneno yanakokota, yanachanganyika au hayatoki kabisa. Wengine huongea vizuri lakini hawaelewi wanachoambiwa. Mtu anayeshindwa ghafla kuandika ujumbe kwenye simu, au anayesahau namba ya siri anayoitumia kila siku, naye anahitaji kuangaliwa.

Muda. Tazama saa. Andika dalili zilianza saa ngapi na zimekwisha saa ngapi, kisha anza safari ya hospitali.

Kuna dalili mbili zinazosahaulika. Ya kwanza ni ya macho: jicho moja kupoteza uwezo wa kuona kwa dakika kadhaa, kama vile pazia limeshushwa, au kuona vitu viwiliviwili. Ya pili ni ya mwendo: kupoteza mizani ghafla, kuyumba au kizunguzungu kikali, hasa kikiambatana na dalili nyingine zilizotajwa.

Wengi wanasubiri maumivu ndipo waamini kuwa kuna tatizo. Kiharusi cha muda mfupi kwa kawaida hakiumi, na ndiyo sababu ni rahisi kukipuuza.

Hali zinazofanana nacho

Si kila ganzi ni kiharusi. Sukari ikishuka sana kwa mgonjwa wa kisukari, anaweza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo na hata kulegea upande mmoja. Kipandauso kinaweza kuanza kwa mtu kuona mwanga unaomeremeta na ganzi inayotambaa taratibu, halafu kichwa kikauma. Aliyetoka kwenye degedege la kifafa anaweza kubaki na mkono dhaifu kwa muda. Kuna pia ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso ambao hupindisha mdomo bila kugusa mkono wala mguu.

Tofauti moja inayosaidia ni namna dalili zinavyoanza. Za kiharusi huja zote kwa mkupuo, na mara nyingi ni za kupungukiwa na kitu: nguvu, hisia, uwezo wa kuona, uwezo wa kusema. Ganzi ya mikono yote miwili kwa mtu aliyelala vibaya, au kuzimia tu bila dalili nyingine, kwa kawaida havielekei huko.

Hata hivyo, kutofautisha haya si kazi ya kufanywa sebuleni. Kazi ya familia ni kutilia shaka na kumpeleka mgonjwa. Kazi ya kupambanua ni ya daktari na vipimo.

Kwa nini siku mbili za kwanza ni muhimu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia watu 1,707 waliofika katika idara za dharura za hospitali huko California, Marekani, na kuambiwa wana kiharusi cha muda mfupi. Ndani ya siku 90, watu 180 kati yao walipata kiharusi kamili, sawa na asilimia 10.5. Takriban nusu ya viharusi hivyo vilitokea ndani ya siku mbili za kwanza.

Upo upande mwingine unaotia moyo. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kuwaona wagonjwa kama hao haraka na kuwaanzishia dawa palepale badala ya kuwapa miadi ya baadaye. Idadi ya waliopata kiharusi ndani ya siku 90 ilishuka kutoka asilimia 10.3 hadi asilimia 2.1. Dawa walizopewa hazikuwa za ajabu. Zilikuwa dawa za kuzuia damu kuganda, za kushusha presha na za kupunguza lehemu, nyingi zikiwa zinapatikana pia katika hospitali za Tanzania. Kilichobadilika ni kuwahi.

Cha kufanya na cha kutofanya nyumbani

Dalili zikianza, mgonjwa alazwe au aketishwe mahali salama na asiachwe peke yake. Asipewe chakula, maji wala kidonge mdomoni hadi itakapothibitika kuwa anameza vizuri, kwa sababu kiharusi huweza kudhoofisha koo na alichopewa kikaingia kwenye mapafu.

Asipewe dawa ya presha ya jirani au ya mke wake. Kushusha presha kwa ghafla wakati ubongo unahangaika kupata damu kunaweza kuongeza madhara. Aspirini nayo isitolewe kwa kubahatisha. Inasaidia pale mshipa ulipoziba, lakini kiharusi kinaweza pia kusababishwa na mshipa kupasuka na damu kuvuja, na hapo aspirini huongeza hatari. Ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp wa kutoboa vidole kwa sindano ili damu chafu itoke hauna msingi wowote wa kitabibu na unapoteza muda.

Asiendeshe gari wala pikipiki kwenda hospitali, hata kama dalili zimekwisha. Kama yupo mwenye simu yenye kamera, achukue video fupi dalili zikiwa bado zipo, mgonjwa akitabasamu, akinyoosha mikono na kuongea. Daktari atakayemwona saa tatu baadaye akiwa mzima atapata cha kuangalia.

Vitu vya kubeba ni daftari la kliniki, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye paketi zake, kadi ya bima kama ipo, na karatasi yenye saa dalili zilipoanza na kuisha. Aende na mtu aliyeshuhudia, si aliyesimuliwa.

Dalili zikiwa bado hazijaondoka, mgonjwa achukuliwe kuwa ana kiharusi kamili. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza na baada ya picha ya ubongo kuonyesha hakuna damu iliyovuja. Kukaa nyumbani kusubiri kuona kama atapona ndiko kunakomaliza saa hizo.

Vipimo, kuanzia zahanati hadi rufaa

Zahanati haina mashine ya picha ya ubongo, lakini ina mambo matatu ya maana: kupima presha, kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni, na kuhesabu mapigo ya moyo. Sukari ikiwa chini ya 4, tatizo linaweza kuwa hapo na hurekebishwa haraka. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, mashaka ya kiharusi yanaongezeka. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, huenda chanzo ni moyo. Baada ya hapo mgonjwa apewe rufaa siku hiyohiyo, na barua itaje saa dalili zilipoanza.

Kwenye hospitali kubwa, kipimo cha kwanza mara nyingi ni CT skani ya kichwa. Katika miaka ya karibuni hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimefungiwa mashine hizo, hivyo si lazima tena kila mgonjwa asafiri hadi Muhimbili, Bugando au KCMC. MRI huonyesha majeraha madogo vizuri zaidi, ingawa haipatikani kila mahali.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, hutafuta mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hufanya damu igande ndani ya moyo kisha bonge lipande kichwani. Kwa kuwa mapigo hayo huja na kuondoka, wengine hufungwa kifaa cha kurekodi moyo kwa saa 24 au zaidi. Ultrasaundi ya moyo huangalia vali na misuli ya moyo, na ultrasaundi ya shingo huangalia kama mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani imejaa mafuta.

Vipimo vya damu huangalia lehemu, wastani wa sukari wa miezi mitatu, wingi wa damu na hali ya figo. Daktari anaweza pia kuomba kipimo cha VVU na kaswende, kwa kuwa maambukizi hayo yanaweza kuathiri mishipa ya damu. Kwa mtoto au kijana, kipimo cha selimundu ni muhimu, maana ugonjwa huo ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi utotoni.

Kwa familia isiyo na bima, orodha hii inatisha. Si lazima kila kitu kifanyike siku moja. Ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari kipi kitangulie na kipi kinaweza kusubiri wiki ijayo. Presha, sukari, ECG na picha ya kichwa kwa kawaida ndivyo vya mwanzo.

CT skani ikisema hakuna kitu

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Majibu yanatoka, picha inaonekana ya kawaida, mgonjwa anarudi nyumbani na habari njema kwamba hana kitu. Kwa kiharusi cha muda mfupi, CT skani kuwa ya kawaida ndilo jibu linalotarajiwa. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna damu iliyovuja wala uvimbe, si kuthibitisha kwamba tukio halikutokea.

Utambuzi wa hali hii hutegemea zaidi maelezo ya kilichotokea. Swali la kumuuliza daktari kabla ya kuondoka ni hili: "Kama picha haionyeshi kitu, chanzo cha dalili zile ni nini, na tunazuia vipi zisirudi?"

Ikithibitika au ikishukiwa kwa nguvu kuwa ni kiharusi cha muda mfupi, mgonjwa huanzishiwa dawa ya kuzuia chembe za damu kugandana. Utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kutumia aspirini pamoja na clopidogrel kwa siku 21 za mwanzo, kisha kuendelea na dawa moja, kuliwakinga wagonjwa zaidi ya aspirini peke yake. Wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huhitaji dawa za aina nyingine. Wachache ambao mshipa wa shingo umeziba sana huweza kuhitaji upasuaji. Wote huhitaji presha, sukari na lehemu zidhibitiwe kwa miaka, si kwa wiki mbili.

Nani yuko hatarini zaidi

Utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai mkoani Kilimanjaro na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikadiria wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kiwango cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi zilizoendelea.

Utafiti wa nchi 32 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mambo 10 yanayoweza kudhibitiwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi. La kwanza ni shinikizo la juu la damu. Mengine ni pamoja na sigara, kisukari, ulaji, unene wa tumbo, kutofanya mazoezi, pombe na maradhi ya moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawajui.

Mzee akikataa kwenda

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa Dar es Salaam wengi walikihusisha kiharusi na majini au uchawi, wakati Hai wengi walitaja presha, mafuta na msongo wa mawazo. Imani hizo bado zipo, na kubishana na mzazi kuhusu majini usiku wa manane hakujawahi kumfikisha mtu hospitali. Wanaotaka kusali, kusomewa dua au kuombewa wanaweza kufanya hivyo njiani au wodini. Kinachotakiwa ni vipimo visisubiri.

Mzee anayesema amepona anahitaji kuombwa kwa heshima, na ombi liwe dogo: "Baba, tunashukuru unajisikia vizuri. Twende tukapime presha na sukari tu, tumsikie daktari, tutarudi." Mara nyingi yupo mtu mmoja asiyemkatalia, awe dada yake, rafiki wa msikitini au mzee wa kanisa. Huyo ndiye wa kupigiwa simu kwanza.

Kwa ambaye dalili zilimpata wiki iliyopita au mwezi uliopita na akanyamaza, muda haujapita. Aende hospitali ndani ya wiki hii, aeleze upande uliokufa ganzi, ilichukua dakika ngapi na kama imejirudia. Na ikimpata tena, aende saa hiyohiyo.